Dirisha la Nyuma, Upande wa Kushoto

Gari la baba lilikaa miaka mingi chini ya mgunga nyuma ya hoteli yangu hapa Kambu, likibadilika rangi polepole. Mwenyewe alipokuwa hai lilikuwa jeupe. Lakini vumbi la huku ni jekundu na halina adabu. Huingia kwenye sukari, huingia kwenye Biblia, huingia hata ndani ya yai, nadhani. Baba alipofariki gari likashika rangi ya chai ya mtu mchoyo wa maziwa, likatulia hapo.

Ni stesheni wagoni ya zamani ya Kifaransa, ndefu kwa nyuma, ya aina ambayo wanaume wa umri fulani wakiiona hupunguza sauti. Madereva wa malori wanaokula kwangu wakielekea Mombasa huacha nyama ikipoa kwenye sahani ili wakaiguse boneti. Injini ilikuwa nzima. Shida ilikuwa vioo vya milango miwili ya nyuma. Cha kushoto kilivunjwa na jiwe lililorushwa na tairi la trela. Cha kulia kilivunjwa na beberu wa jirani, aliyeona beberu mwingine ndani ya gari na hakupenda alivyotazamwa. Nikaziba kushoto kwa plywood na kulia kwa karatasi ya nailoni, nikasema nitashughulikia kesho. Kesho za Kambu ni nyingi.

Aliyenitoa kwenye usingizi huo ni mama. Sisi Wakamba mama tunamwita mwaitu, na hapa pia nitamwita hivyo, maana jina lingine halinijii mdomoni. Mwaitu alizaliwa Tseikuru, kaskazini kabisa ya Kitui, nchi ya mifugo na mawe ya moto. Baba alimtoa huko kwa gari hilihili siku ya harusi yao, baada ya ibada, yeye amekaa nyuma upande wa kushoto, na gauni lake limejaa kiti kizima. Safari hiyo amenisimulia mara nyingi hata wakati mwingine nadhani nilikuwamo. Ukitoka Tseikuru kuja huku, mlima wa Mumoni huwa mkono wa kulia. Kwa hiyo siku ile hakuuona. Gauni lilimzuia kugeuka, na mlima alioamka nao kila siku ya utoto wake ukabaki nyuma bila kuagwa.

Tangu hapo kiti kile kikawa chake. Walipokuwa wakienda kuwasalimu wazazi wake, mlima ulimjia dirishani mwake, upande wake hasa. Alikuwa na usemi wake juu ya jambo hilo. "Kwenda nyumbani, Mumoni ni yangu," alikuwa akisema. "Kurudi, ni ya hao wengine."

Macho yake yalikuwa na presha. Daktari alikwisha kumweleza kwamba kilichopotea hakirudi, na kwamba matone ni ya kulinda kilichobaki. Giza lilianzia pembeni likaja katikati, hata akawa anaiona dunia kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Aliweza kuuona uso wangu lakini si kikombe nilichomshikia. Asubuhi moja alikuwa amekaa mlangoni mwa jikoni akichagua mbaazi, akasema bila kuinua kichwa.

"Mwana wakwa, mimi nataka kuona Mumoni kabla hii macho haijaisha. Na nataka kuiona nikiwa ndani ya gari ya babako."

"Tutaenda, mwaitu. Utakaa mbele na mimi. Kioo ya mbele ni mzima."

"Mbele mtu anaona barabara tu," akasema. "Nchi unaiona na pembeni."

Nilitaka kubishana, kwa sababu mimi ni mtu wa kubishana, hata wateja wanajua. Lakini nilitazama vidole vyake vikitafuta mawe katikati ya mbaazi, vikiyapata kabla ya macho, nikaogopa. Niliogopa kwa namna ambayo sijaogopa kitu kingine. Siku hiyohiyo nilianza kutafuta vioo.

Nairobi, kwenye mitaa ya spea, walinicheka kwa heshima. Mmoja aliniambia kwenye simu kwamba gari hilo hata yeye analisikia tu kwa babu yake. Nikaelekezwa kwa fundi wa vioo mjini Kitui, mzee wa ukoo uliotoka pwani zamani na ukabaki, mwenye kofia ya mkono na Kiswahili kilichonyooka kama nguo iliyopigwa pasi. Duka lake lilikuwa na vioo vimesimama kila upande, na mwanga wa mchana ulikuwa ukipita humo kama maji ya mtungi yanayotikiswa. Nilipoingia nilijiona mara nyingi sana, wote wana haraka.

"Kioo cha pembeni cha kiwandani hakikatwi, binti yangu," aliniambia. "Ukikigusa kwa almasi, chote kinakuwa chumvi. Nitakukatia cha tabaka mbili, chenye utando katikati. Na bahati yako gari lako ni la zamani, madirisha yake ni bapa. Ila mimi nafuata kipimo. Niletee kipimo cha dirisha, nami nitakupa kioo kilicho pacha wake."

Kipimo kikanitoa jasho. Kioo cha zamani kilikuwa chengachenga, hakuna cha kufuatisha. Nilikata boksi la mafuta ya kupikia, nikaliweka mlangoni, likapinda kwa joto. Nikakata lingine. Hapo ndipo mjomba alipopita, akasimama na mikono nyuma akitazama.

Mjomba ni kaka mkubwa wa mwaitu, na amechonga wanyama maisha yake yote. Ana kibanda Mtito Andei, pale mabasi yanapopumzika, chenye twiga, vifaru na Wamasai wembamba wanaomshangaa kila mteja. Anakaa Kambu kwa sababu anasema Mtito ina kelele ya kutosha mchana. Alichukua boksi langu, akalitupia mbuzi.

"Hiyo ni chakula," akasema. "Mimi nitachonga dirisha."

Akachonga. Alipata ubao mpana wa mukau, akakaa nao chini ya mgunga siku nzima, tezo ikipanda na kushuka, na mabanzi mekundu yakimwangukia miguuni. Harufu ya mukau uliokatwa ilijaa mpaka jikoni. Kila baada ya muda aliinuka, akaenda mlangoni mwa gari, akapapasa fremu kwa kidole gumba, akarudi kukaa. Mwaitu aliletewa kiti karibu naye. Hawakuongea sana. Ndugu wa umri huo huongea kwa kukohoa.

Ubao ulipotoka ulikuwa mwembamba, laini, wenye mkunjo uleule wa dirisha kwenye kona ya nyuma, na kwa kuwa mjomba hajui kuacha kitu kikavu, aliupaka rangi ya viatu ukang'aa kama kifaru wa kuuza. Ungeweza kuutundika ukutani. Alinipa, akasema, "Imeisha." Nami kilichoisha kwangu kimeisha. Asubuhi iliyofuata niliufunga kwenye leso, nikawasha gari la baba na madirisha yake ya plywood na nailoni, nikashika njia ya Kibwezi kwenda Kitui.

Fundi aliutazama ubao kwa muda kabla ya kuutumia. "Huu si kipimo," akasema, "huu ni posa." Lakini aliulaza juu ya kioo, akapitisha almasi kwa pande zote, akaugeuza akakata cha mlango wa pili. Akafungua milango, akasafisha mpira wa zamani, akainua kioo. Kioo kikateremka vizuri, kikajaa kwa urefu, halafu kikagoma. Juu kilizidi upana wa kidole, na mlango haukuweza kukifunika.

Nilimtazama fundi kwa jicho ambalo wateja wangu wanalijua. Alichukua ubao wa mjomba, akausimamisha pale pale mlangoni. Nao ulizidi upana wa kidole.

"Pacha," akasema.

Nilimwambia apunguze. Akanieleza kwamba ukanda mwembamba namna ile haukatiki, kwamba kioo kitajichagulia mahali pa kupasukia. Nikamwambia ajaribu tu. Ninachokumbuka ni sauti, ndogo sana, kama mtu anayevunja mbegu ya ubuyu kwa meno, na ufa ukatembea taratibu kutoka kona hadi kona huku sote wawili tukiutazama. Alisema itabidi aagize kioo kingine, na mimi nilete kipimo kingine. Nikarudi Kambu na plywood yangu. Njiani nililia, na sioni aibu kusema hivyo. Hesabu niliyokuwa nikiipiga kichwani ilikuwa ya macho ya mwaitu, na kila juma lililopotea nililiona kama shilingi iliyoanguka chooni.

Mjomba aliposikia, alicheka mpaka akakaa.

"Uliipeleka mbichi?"

"Ulisema imeisha."

"Kuchonga imeisha. Sikusema kukauka." Akafuta machozi. "Mwiitu," akaniita, yaani binti, "mti mbichi unanywea. Kwa urefu haunywei, unanywea kwa upana. Ndio nikaacha kidole moja hapo juu. Hata twiga yangu inaanza ikiwa mnene. Ikikaa kwa shelf inakuwa twiga."

"Mjomba, kioo hainywei."

"Ii, kioo hainywei," akakubali, bila wasiwasi wowote. "Ndio maana mtu anangojea mti kwanza."

Hakuwahi kuniambia kwa sababu kwake hilo si jambo la kumwambia mtu. Ni kama kumwambia mtu mzima apulize uji. Kila mchongaji wa nchi hii hukipa kitu nyama ya ziada, akakiweka gizani, akaendelea na maisha. Nilimwomba achonge mwingine kwa mti mkavu. Akasema mti mkavu wa upana ule hana, na akiupata utapasuka kwenye tezo, na kwamba huu tayari unajua dirisha lake. Akauchukua akaupeleka chumbani kwa mwaitu, akaulaza chini ya kitanda mbali na jua usije ukapinda, akaweka mawe juu yake kama anayezika mbwa mdogo.

Basi tukangoja. Nilikuwa sijawahi kungoja mti. Mchana wa Kambu, hasa baada ya saa nane, ni kitu kinachosimama. Malori yanapita barabarani lakini hata sauti yao inafika imechoka, na kivuli cha mgunga kinasogea kwa aibu. Wakati huo hoteli ikiwa tupu nilikuwa nikiingia chumbani kwa mwaitu. Nilimkuta mara nyingi ameutoa ubao chini ya kitanda, ameulaza mapajani, akipitisha kidole ukingoni, polepole, kuanzia ile kona iliyonyooka, juu, mpaka ile yenye mkunjo, kisha anarudi. Chumba kilinukia mukau na rangi ya viatu. Nilidhani anaupenda uzuri wake. Mimi pia niliupenda, ingawa sikutaka mjomba ajue.

"Inakauka?" nilimuuliza.

"Inakauka. Imeanza kuwa nyepesi. Ngoja tu."

Jumapili baada ya kanisa tulikuwa tukiutoa nje sote watatu na kuusimamisha mlangoni mwa gari. Kile kidole kikawa nusu kidole. Kikawa unene wa kalamu. Mwaitu alikuwa akituuliza umebaki kiasi gani, mjomba akimwekea mkono pale, naye akitikisa kichwa kama mwalimu anayesahihisha. Kisha Jumapili moja ubao uliingia. Uliingia bila kusukumwa, ukakaa kwenye fremu ya chuma pande zote, na mjomba akapiga mlango ukafunga. Kwa muda tulisimama tukitazama gari lenye dirisha la mti. Nilihisi kama nimeona kitu katika ndoto ya mtu mwingine.

Kitui fundi alikata mara moja. Vioo viliteremka ndani ya milango, vikapanda, vikateremka. Aliniuliza kama achore namba ya gari kwenye kona, kama watu wote wanavyofanya wezi wasiviibe, nikamwambia hapana, sitaki mkwaruzo wowote pale mama yangu atakapotazamia. Akavisugua tena kwa gazeti lililoloweshwa, vyote viwili, ndani na nje, ingawa vilikuwa safi.

Tuliondoka Kambu asubuhi, msimu wa mvua za vuli umeanza. Mjomba alikaa mbele na kofia yake ya kanisani. Mwaitu alikaa nyuma, upande wa kushoto, amevaa leso mpya na kuegemeza paji la uso kwenye kioo. Nilimwona kwenye kioo changu cha ndani na moyo ukanituama. Tulipoiacha barabara ya Mombasa pale Kibwezi, akaanza kutusimulia.

"Hii ni Athi," akasema tulipofika darajani. "Maji imekuwa nyingi." Na kweli mto ulikuwa umejaa, mwekundu, ukinguruma chini yetu. Ikutha akasema hapa kuna mbuyu wenye mlango. Mutomo akasema mawe haya hayajasonga hata moja. Alisema mahali baba alipopasukiwa na tairi, na mahali alipokataa kuomba msaada akajidai anapunga upepo. Mjomba alikuwa akiitikia "ii" kwa kila jambo, ananitazama kidogo, anatazama mbele. Kitui tukanywa chai. Mwingi tukala. Nyasi zilikuwa zimechipuka pande zote, kijani kichanga cha siku chache, na nilijiambia kwamba tumewahi, kwamba mti na macho vimefika pamoja. Nilikuwa na furaha ya kijinga. Nilikuwa nikipiga mluzi.

Tulipokwisha kupita Kyuso, akanigusa bega.

"Simama hapa."

Nikasimama kando ya barabara, nikazima injini. Yeye aliweka kiganja kizima kwenye kioo.

"Hiyo ndiyo Mumoni," akasema. "Angalia hiyo. Bado ni yangu."

Nikatazama. Palikuwa na ukungu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, na wingu lilikuwa limeshuka mpaka kwenye vichaka vya karibu, jeupe, bila mwanzo wala mwisho. Hapakuwa na mlima. Hapakuwa hata na mguu wa mlima. Nilimgeukia mjomba, naye akafungua mlango wake akashuka. Nikamfuata nyuma ya gari.

"Macho ilifunga kitambo," aliniambia, akitazama viatu vyake. "Mti ikiwa bado mbichi. Aliniambia mimi peke yangu. Alisema ukijua utawacha hii kazi, na safari itakufa."

Hasira ilinipanda kwanza, kwa sababu kwangu hasira ndiyo hufika mapema. Nilitaka kumuuliza kwa nini wamenifanya mtoto. Kisha nikaona kile kidole kikipita ukingoni mwa ubao, mchana baada ya mchana, na hasira ikaisha yote kwa mara moja, nikabaki na huzuni peke yake, nimesimama nyuma ya gari la baba kama mtu aliyesahau alichokuja kuchukua. Mjomba alinipa kitambaa chake. Kilinukia mukau.

Nilirudi, nikafungua mlango wa kulia wa nyuma, nikakaa kando yake. Hakugeuka.

"Amekuambia, huyo."

"Ameniambia, mwaitu."

"Hajui kunyamaza. Tangu utoto." Kiganja chake kilikuwa bado kwenye kioo. "Kioo ni nzuri. Nimepima na mkono, imekaa vile ule ubao ulikuwa. Sasa wewe, unaiona Mumoni?"

Nilitazama ule weupe.

"Naiona."

"Basi niambie. Mimi nimewaambia ya kutosha tangu Kibwezi."

Nikaanza kumweleza. Nilianzia chini, kwenye miti, nikapanda, nikasema mlima ni wa bluu, na mabega yake ni mapana, na juu kuna mwamba ulio wazi. Aliniacha niende mpaka kwenye mwamba, kisha akanisahihisha.

"Mwamba uko chini kidogo," akasema. "Upande wa kwetu. Angalia vizuri."